Chubwi! Vidokezo 13 vya kumnasa besi juu ya maji

Njia za kumvua besi ni nyingi, na karibu zote ni rahisi kuliko hii. Lakini hakuna inayofikia raha ya kumwona samaki akipasua maji kumvamia nzi wa bandia anayeelea mbele ya macho yako. Hapa hubahatishi yanayotokea chini. Mchezo wote unachezwa juu, nawe umekaa kiti cha mbele.

Besi tunayemsema, yule wa mgongo wa kijani na mdomo mpana, ni mzaliwa wa Marekani Kaskazini. Aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani, akapapenda, na hadi leo yumo. Kutoka Nairobi ni kilomita 90 hivi, kwa hiyo unaweza kuvua asubuhi na ukarudi nyumbani kwa chakula cha mchana, barabara ikikuhurumia. Nawe msomaji wetu uliyeko Texas au Georgia, usifunge gazeti: besi wa bwawa la mtaani kwako ana tabia zilezile.

Jambo moja kabla hatujaondoka. Katika uvuvi huu nzi hana uzito wa kurushika. Mshipi ndio mzito, na ndio unaombeba hadi anapokwenda. Nadharia imeishia hapo. Twende kazini!

1. Mtangulie furukombe

Besi hupenda kuwinda juu ya maji mwanga ukiwa hafifu: alfajiri, magharibi, na siku za mawingu. Naivasha iko karibu na ikweta, na huku jua likiamua kuchomoza halibembelezwi. Ukitokea saa tatu na kikombe chako cha chai, utasimuliwa tu. Halafu kuna upepo. Asubuhi ziwa huwa limetulia, lakini mchana upepo huamka, na kwenye mawimbi nzi wako hasikiki wala haonekani. Basi maliza maandalizi usiku wa kuamkia safari: nzi amefungwa, chakula kimo mfukoni, miwani iko mezani. (Miwani si ya mapambo. Ndoana inayopita karibu na sikio lako kwa kasi haichagui pa kutua.) Wingu likitanda siku nzima, vua siku nzima. Radi ikinguruma, laza fimbo urudi nchi kavu, maana fimbo za kaboni hupitisha umeme.

2. Kiboko ndiye mwenye ziwa

Wavuvi wa Marekani huvaa suruali za mpira wakaingia majini hadi kiunoni. Naivasha usithubutu. Viboko hutoka usiku kula nyasi na kurudi majini kunapokucha, yaani saa ileile unayoipenda wewe. Vulia ndani ya boti, pamoja na mwendesha boti mwenyeji, na jaketi la kujiokolea livaliwe, lisigeuzwe mto wa kukalia. Saa ya kuondoka ufukweni aamue yeye. Akisema "tusogee," sogeeni, hata kama ndiyo kwanza umerusha mahali ulipopaota wiki nzima. Uzuri ni kwamba anayejua walipo viboko mara nyingi anajua pia walipo samaki. Muulize kwa adabu, "Mzee, siku hizi wanarukia upande gani?", kisha fuata jibu lake kuliko hamu yako.

3. Namba 7 au 8, basi

Dukani utaonyeshwa fimbo kumi hadi kichwa kikuume. Chukua ya futi 9, namba 7 au 8. Wanaovua trauti kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare hutumia nyepesi zaidi, namba 4 au 5, lakini nzi wa besi ni mnene, anashika upepo, na fimbo nyepesi itamlalamikia kutwa nzima. Mshipi uwe wa kuelea, wenye uzito wake upande wa mbele. Mwisho wa mshipi unga uzi mwembamba wa futi 7 hadi 9, ambao ncha yake inahimili pauni 12 hivi.

Uzi huo uwe nailoni ya kawaida. Fluorokaboni inasifiwa sana, na bei yake inajua kwamba inasifiwa, ila huzama, na ikizama humvuta nzi wako pua chini. Fundo nalo liwe la kitanzi kilicholegea kidogo, nzi apate kucheza.

4. Wanne wanatosha

Usinunue sanduku zima. Anza na popa, yenye uso bapa au uliochimbwa kidogo. Ukiivuta inatema maji na kupiga kelele. Ndiyo mkongwe wa ukoo huu: Ernest Peckinpaugh wa Chattanooga, Tennessee, hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyezianzisha popa za kizibo mwanzoni mwa karne ya 20. Wa pili ni slaida, mwenye pua iliyochongoka. Huyu huteleza kimyakimya, anafaa siku ambazo maji yametulia na samaki wana woga. Wa tatu ni mzamiaji wa Larry Dahlberg, aliyevishwa ukosi wa manyoya ya kulungu: ukimvuta anazama, ukimwachia anapanda, chura mtupu! Wa nne ni gagla ya Jack Gartside, ambayo ni kipande cha foamu kilichokunjwa mbele, na anayeanza kutengeneza nzi aanze nayo.

Rangi zisikukoseshe usingizi. Nyeusi alfajiri na magharibi, kwa sababu besi anatazama juu na anachokiona ni umbo jeusi dhidi ya anga. Njano au nyeupe kukishapambazuka, na hii si kwa ajili ya samaki, ni kwa ajili yako. Usipomwona nzi wako, utajuaje kwamba ameliwa?

5. Kandambili ile usiitupe

Soli ya kandambili iliyochakaa inaelea, inakatika vizuri kwa wembe, na haina bei. Chukua kibomba chembamba cha chuma, noa mdomo wake, zungusha kwenye soli, na utatoka na kiduara kinene kinachofaa kuwa mwili wa popa. Zungushia ndoana uzi kwanza ili gundi ipate pa kushika. Chana mfereji tumboni mwa kiduara, tia gundi ya haraka, kisha kikandamize juu ya ndoana. Mkia ni manyoya ya shingo ya jogoo (ombeni jikoni, Jumapili hayakosekani). Macho chora kwa rangi ya kucha, baada ya kumwomba mwenye nayo.

Sharti moja tu: mwili wa popa usiijaze nafasi kati ya mpini wa ndoana na ncha yake. Ukiijaza, besi atauma mpira, atautema, na wewe utailaumu bahati. Pale kwenye magugu ongeza kitanzi cha nailoni nene kutoka mkunjo wa ndoana hadi karibu na tundu lake. Kitanzi hicho hulikinga gugu lisinase, lakini mdomo wa samaki unakiminya bila taabu.

6. Karibu. Karibu zaidi. Bado!

Besi si samaki wa kuzurura katikati ya ziwa akitafuta marafiki. Hukaa kwenye maficho na kuvizia. Naivasha maficho yamejaa: kingo za mafunjo, mashada ya gugu maji, na ile migunga iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya maji tangu ziwa lilipopanda. Simamisheni boti mita 12 hivi kutoka hapo, injini izimwe mapema, na mkaribie kwa kasia. Nzi atue umbali wa kiganja kutoka kwenye mafunjo. Ukirusha mita mbili nje ya ficho, umerusha kwa adabu mno.

Akitua juu ya jani, usipapatike kumng'oa. Mvute polepole hadi adondoke mwenyewe majini. Vyura huingia majini hivyohivyo, na wapo besi walioshiba kwa sababu hiyo. Kumbuka pia kwamba visiwa vya mafunjo Naivasha huelea na kusukumwa na upepo, kwa hiyo kona iliyokupa samaki mwezi uliopita huenda leo imehamia kwa jirani. Tafuta umbo la mahali, usitafute mahali penyewe: pembe, mwanya, kivuli, gogo la pekee.

7. Piga moja, kisha nyamaza

Kama utasoma kidokezo kimoja tu, kisome hiki. Wengi wakishika popa hupagawa na mlio wake. Chubwi, chubwi, chubwi, chubwi! Wanavuta mpaka kwenye boti, wanarusha tena. Wanafurahi wao; besi ameshahama.

Fanya hivi. Nzi akitua, viduara vya maji vitasambaa. Usiguse kitu. Subiri vipotee vyote, hadi maji yalale tuli, kisha hesabu hadi tano. Najua ni kirefu. Hesabu. Halafu vuta mshipi mara moja, kiganja kimoja, nzi aseme "chubwi" moja. Nyamaza tena hadi maji yalale. Ukishavuta mara tatu au nne namna hiyo, mwondoe umrushe kwingine, maana akishatoka mita mbili tatu kwenye ficho nafasi imepungua sana.

Kwa nini kimya kinafanya kazi? Besi husikia kishindo cha kwanza na kusogea kuangalia. Yuko chini pale, pua juu, anamkagua mgeni. Mgeni akikimbia ovyo, si chakula cha uhakika. Mgeni akitulia, kisha akatikisika kidogo, huyo ni mdudu aliyechoka au chura asiye na habari. Mashambulizi mengi hutokea nzi akiwa amesimama kabisa, au anapotikisika mara ya kwanza baada ya kimya. Miguu ya mpira ubavuni mwa popa inasaidia hapa, kwani huendelea kutetemeka hata wewe ukiwa umetulia.

Na kama hawataki? Badilisha jambo moja moja. Kwanza refusha kimya. Kisha punguza kelele, weka slaida. Ukiona maji yamechafuka au kuna vijiwimbi, ndipo uongeze kishindo, kwa kuwa wanahitaji kukusikia. Mbio ziwe jaribio la mwisho. Zipo asubuhi ambazo besi hutaka nzi anayekimbia, lakini usianze na tabia adimu.

Mwenye simu mkononi hawezi kidokezo hiki. Itie mfukoni.

8. Ncha ya fimbo iguse maji

Fimbo ikielekea juu, mshipi unaning'inia na kulegea. Mvuto wako unaishia kwenye ulegevu huo na nzi hatikisiki. Besi akija, ulegevu huohuo unamwokoa. Elekeza fimbo moja kwa moja kwa nzi, ncha karibu kugusa maji, na mshipi upite chini ya kidole cha mkono ulioshika fimbo. Mkono wa pili ndio wa kuvuta. Umemaliza, na samaki wameongezeka bila kununua kitu.

9. Akimeza, usinyanyue!

Moyo utakuambia uinyanyue fimbo juu kwa nguvu. Usiusikilize. Wanaotoka kwenye trauti wanapata taabu zaidi hapa, kwa sababu kule kunyanyua fimbo ndiyo desturi. Ukinyanyua, unamtoa nzi mdomoni mwa besi na kumrusha usoni kwako. Badala yake, uache mlipuko upite, usikie uzito wa samaki mkononi, kisha uvute mshipi kwa mkono, mvuto mrefu na thabiti, fimbo ikiwa bado imelala. Mdomo wa besi ni mgumu, na ndoana inahitaji kusukumwa ipenye. Ukihisi amekaa, ndipo uinue fimbo na kumwelekeza mbali na mafunjo. Sekunde tatu za mwanzo zina thamani kuliko dakika tano zinazofuata: akiingia kwenye mizizi, mazungumzo yamekwisha.

10. Amekosa? Nzuri sana!

Besi akimkosa nzi, mwache nzi palepale. Samaki huyo hajaondoka, amekasirika tu. Tikisa kidogo baada ya kimya, na mara nyingi atarudi. Akikataa, mrushie palepale nzi wa kuzama wa rangi ya kahawia au nyekundu iliyoiva. Tangu mwaka 1970, kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Louisiana walipoingizwa Naivasha, besi wamewafanya kitoweo chao kikubwa. Aliyekataa juu anaweza kukubali chini. Weka fimbo ya pili iliyofungwa tayari, kama unayo, maana kufunga fundo jipya kwa mikono inayotetemeka ni kipaji cha peke yake.

11. Tandika leso mbichi

Mshipi uliolegea sakafuni mwa boti utanasa kila kitu: msumari, kamba ya nanga, kiatu cha mzee wa boti. Lowesha leso au taulo kuukuu, ifunike sakafu mbele ya miguu yako, na uuache mshipi ulale juu yake. Rahisi hivyo.

12. Dole gumba mdomoni

Besi hana meno ya kukukata. Ana msasa tu. Mshike mdomo wa chini kwa dole gumba ndani na kidole cha shahada nje, naye atatulia. Aliye mkubwa mshikilie na tumbo kwa mkono wa pili, mikono ikiwa imelowa, asiumie taya. Kabla ya kuanza kuvua, bana kile kijino cha ndoana kwa koleo. Ndoana itatoka kwa sekunde moja, kwenye mdomo wa samaki na kwenye shati lako pia.

Wa mboga mchukue ikiwa leseni yako na kanuni za wakati huo zinaruhusu. Uliza ofisi ya uvuvi kabla ya safari, leseni gani inahitajika na ziwa limefunguliwa au limefungwa, usije ukaendesha gari kilomita 90 kwenda kutazama maji. Wakubwa, ningekushauri uwaachie. Na ukimnasa dume anayelinda mayai kwenye maji ya kina kifupi, mrudishe upesi, kwa sababu kwa besi baba ndiye anayelea, na akiondoka samaki wadogo wengine hawangoji kukaribishwa.

Rekodi ya dunia ya besi huyu ni pauni 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na ushee. Iliwekwa na George Perry huko Georgia mwaka 1932, ikafikiwa na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Wote wawili hawakutumia nzi. Nafasi yako ipo.

13. Ziwa liko mbali? Uwanja upo

Kosa kubwa la kurusha nzi mnene ni haraka. Mshipi ukiruka nyuma, usubiri unyooke wote ndipo uulete mbele, kama unavyomsubiri mzee amalize sentensi yake. Ukiuwahi, utasikia mlio wa mjeledi, na nzi amekwenda zake. Upepo ukivuma kutoka upande wa mkono wako wa kurushia, pitisha mshipi juu ya bega la pili, ndoana iwe mbali na uso. Na huhitaji kurusha mbali. Mita 12 hadi 15 zinatosha kabisa, mradi zitue unapotaka.

Haya yote hujifunzi ziwani ukiwa umelipia boti kwa saa. Kata ndoana ya popa moja ibaki haina ncha, laza tairi kuukuu kwenye nyasi za uwanja wa shule, rudi nyuma hatua ishirini, na ujaribu kuitia popa ndani ya tairi. Watoto watakuja kuuliza unavua nini penye nyasi. Waambie, kisha wape fimbo nao wajaribu. Anza leo jioni, dakika kumi tu, kabla hawajaanza mechi yao.